Damu na Hatima ya Mgonjwa Katika Nchi ya Ntuzu

Katika nchi ya Ntuzu, iliyohesabiwa zamani katika wilaya ya Maswa na ambayo leo, tangu mkoa wa Simiyu ulipomegwa kutoka Shinyanga na Mwanza mwaka 2012, imo katika wilaya za Bariadi na Itilima, mgonjwa aliyebanwa kifua na homa hakuachwa alale tu. Jamaa zake walimwendea mfumu, yaani mganga mpiga ramli, naye akampasua kuku na kuzisoma nyama za ndani yake kwa utaratibu alioupokea kwa wakubwa wake. Aliyeupita utaratibu huo kwa kuuita ushirikina amekosa jambo lenye thamani, nalo ni kwamba kuku aghalabu aliulizwa maradhi yametoka wapi, kwa masamva, yaani mizimu ya wahenga, walioghadhibika au kwa jirani mwenye hasadi, na jawabu lake ndilo lililoamua tiba. Swali la pili, yaani mgonjwa huyu anaelekea uzima au umauti, lilijibiwa na macho ya wazee walioona mbavu zinavyoingia ndani na mtoto anavyokataa ziwa.

Swali hilo la pili ndilo ambalo matabibu walikwenda kulitafutia jibu ndani ya damu. Mwaka 1918, mwaka ule ule mafua makuu yalipozifikia nchi zetu zilizokwisha kudhoofishwa na vita, Robin Fåhraeus wa Sweden alieleza jinsi chembe nyekundu zinavyozama upesi katika damu ya wajawazito, hali iliyokuja kuonekana pia katika maradhi mengi; kipimo chake kilitaka kijibomba chembamba na subira ya saa moja. Mwaka 1930, huko New York, William Tillett na Thomas Francis wakakuta katika damu ya wagonjwa wa kichomi dutu iliyozidi wakati wa hatari na kutoweka walipopona, ambayo leo huitwa protini C-riaktivu.

Kwetu elimu hiyo ilikawia, kwa sababu homa ilikwisha kupewa jina la malaria kabla ya kupimwa. Utafiti uliotangazwa mwaka 2014, wa watoto 1,005 wenye homa katika Dar es Salaam na Ifakara, ulidhihirisha kwamba zaidi ya nusu walikuwa na maradhi ya njia ya pumzi, aghalabu ya virusi, ilhali wenye malaria walikuwa kiasi cha mmoja katika kumi.

Kisha ikaja korona, iliyotangazwa Tanzania tarehe 16 Machi 2020. Mwezi huo huo matabibu wa Wuhan, waliowachunguza wagonjwa 191, walieleza kwamba aliyelazwa akiwa na D-daima, yaani mabaki ya damu iliyoganda, kupita mikrogramu 1 kwa mililita, alikuwa karibu zaidi na mauti. Mwaka 2021 Waingereza wakathibitisha kwamba mgonjwa aliyepungukiwa oksijeni, mwenye protini C-riaktivu kuanzia miligramu 75 kwa lita, hufaidika na dawa iitwayo tosilizumabu. Hapo namba ya damu ikapata madaraka ya kuamua tiba, kama alivyokuwa nayo kuku.

Lakini tosilizumabu ni dawa ya ghali mno. Deksamethasoni, ambayo Juni 2020 ilionekana kupunguza vifo kwa thuluthi moja miongoni mwa waliopumulia mashine na kwa humusi miongoni mwa waliopewa oksijeni tu, ni rahisi, wala haikungoja kipimo cha damu: ilitosha kujua kwamba mgonjwa anahitaji oksijeni, jambo linalotambuliwa kwa kifaa kidogo kinachobana kidole. Kwa hiyo ningependa kifaa hicho, na mtungi wa oksijeni wa kukifuata, vitangulie kufika katika kila zahanati mkoani Simiyu, kutoka Meatu hata Busega, na mashine za kupima damu zije nyuma yake.