Reli, Barabara na Kadi ya Njano: Safari za Mashabiki wa Likasi

Mji wa Likasi, kilomita 120 hivi kaskazini-magharibi mwa Lubumbashi, ulizaliwa na shaba, na njia zake zilichorwa kwa ajili ya shaba. Reli iliyotoka kusini kupitia Sakania ilifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na Kambove, jirani ya Likasi, mwaka 1913. Waliotaka kufuata timu yao ugenini walipita njia hiyo hiyo ya madini: kwanza treni, kisha barabara ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, mwishowe uwanja wa ndege wa Luano mjini Lubumbashi. Lakini safari yenyewe, yaani mtu kuweka akiba, kuhangaikia viza na kukata tiketi kwa fedha yake, ni ya juzi tu. Kwa muda mrefu mtu wa Likasi alikwenda mbali kuangalia mupira, kama wanavyotamka Katanga, pale tu alipopatikana mkubwa wa kumlipia.

Mkubwa wa kwanza alikuwa kampuni. Zama mji ukiitwa Jadotville, kwa jina la mhandisi Mbelgiji Jean Jadot, Union Minière du Haut-Katanga ilikuwa mwajiri, mwenye nyumba na mgawa posho kwa wakati mmoja. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 iliacha kutegemea vibarua wa muda mfupi, ikawaweka wafanyakazi na familia zao katika kambi kama Panda na Shituru, pamoja na shule, zahanati na viwanja vya mpira. Mpira ulihesabiwa kuwa sehemu ya malezi ya kambi. Kusafiri kulikuwa jambo lingine kabisa: Mwafrika aliyetaka kukaa nje ya eneo lake la utawala zaidi ya siku 30 alihitaji hati ya ruhusa. Kiwanja kilikuwa ndani ya kambi, na mtazamaji naye vivyo hivyo. Tena kiwanja hakikuwa cha michezo peke yake. Tarehe 9 Desemba 1941 wagomaji wa Union Minière walikusanyika kwenye uwanja wa mpira Elisabethville, na hapo ndipo askari walipowamiminia risasi. Jadotville nako mgomo ulizimwa kwa bunduki siku hizo hizo. Jina la kambi ya Panda bado limo katika klabu ya mji, Union Sportive Panda B52.

Klabu za kufuatwa, hata hivyo, zilikuwa Lubumbashi. Mwaka 1939 zilianzishwa mbili: Saint-Éloi Lupopo, timu ya watu wa reli, ambao hadi leo huitwa Cheminots, na ile iliyoundwa na mapadre Wabenedikto ambayo baadaye ilichukua jina la Englebert, chapa ya matairi, kabla ya kuwa Mazembe. Kwenda Lubumbashi kuwaona watani hawa ndiyo safari ya kwanza ya kweli ya mshabiki wa Likasi, na pengine ndiyo pekee ambayo mfuko wa mfanyakazi uliimudu. Englebert ilitwaa Kombe la Klabu Bingwa Afrika mwaka 1967 na 1968. Januari 1968 timu ya taifa nayo ilichukua Kombe la Mataifa ya Afrika mjini Addis Ababa, kwa kuifunga Ghana 1-0.

Mwaka 1974 unaonyesha jinsi safari za mashabiki zilivyokuwa haba. Zaire, Kongo ya leo, na Zambia zilikutana Cairo katika fainali ya Afrika, zikatoka sare 2-2, ikabidi mechi irudiwe siku mbili baadaye. Zaire ilishinda 2-0 kwa mabao ya Ndaye Mulamba, aliyemaliza mashindano na mabao 9. Rekodi zinataja watazamaji 1,000 tu kwenye mechi hiyo ya marudio. Nchi mbili za shaba, zinazopakana Kasumbalesa, zilichezea ubingwa wa bara mbele ya viti vitupu. Miezi mitatu baadaye Zaire ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia, huko Ujerumani Magharibi. Ilifungwa 2-0 na Scotland mjini Dortmund, kisha 9-0 na Yugoslavia na 3-0 na Brazil mjini Gelsenkirchen. Kikosini walikuwamo watu wa Mazembe: kipa Kazadi Mwamba, Bwanga Tshimen na Mwepu Ilunga, yule aliyetoka kwenye ukuta na kuubutua mpira kabla Wabrazili hawajapiga adhabu yao. Kwa mchimbaji wa Shaba, kama mkoa ulivyoitwa wakati huo, Dortmund ilikuwa mji wa redioni.

Yaliyofuata yalifuta hata uwezo wa kuota safari. Bei ya shaba iliporomoka, na reli ya Benguela kupitia Angola ikafungwa kwa vita mwaka 1975. Uzalishaji wa Gécamines, mrithi wa Union Minière, ulianguka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 1992 na 1993 stesheni ya Likasi ilijaa maelfu ya watu wenye asili ya Kasai waliofukuzwa majumbani mwao, wakilala nje wakisubiri treni. Hakuna safari iliyoacha alama kubwa kuliko hiyo katika stesheni ile, na haikuwa ya mpira.

Mkubwa mpya alitokea fedha ya madini iliporudi. Moïse Katumbi, rais wa Mazembe tangu 1997 na gavana wa Katanga kuanzia 2007 hadi 2015, aliirudisha klabu kileleni: ubingwa wa Afrika 2009, 2010 na 2015. Desemba 2010 Mazembe iliitoa Pachuca ya Mexico na Internacional ya Brazil, ikawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, ambako Inter ya Milano ilishinda 3-0. Ngoma za kikundi cha mashabiki kiitwacho 100% zilisikika Abu Dhabi, yalikochezwa mashindano hayo. Wengi walibaki Katanga mbele ya televisheni, na hasira ya baada ya fainali ilielekezwa, kwa ujinga wa aina yake, kwenye maduka ya Wachina mjini Lubumbashi, kwa kuwa mwamuzi alikuwa Mjapani.

Nafasi ya mtu wa Likasi kuifuata timu ya taifa kwa barabara hadi mashindano makubwa ilikuja mwaka 2013, Afrika Kusini ilipoandaa Kombe la Mataifa. Kongo ilipangiwa Port Elizabeth mechi mbili, dhidi ya Ghana na Niger, kisha Durban dhidi ya Mali. Zote zikaisha sare na timu ikarudi nyumbani. Njia ni ile ya malori ya shaba: Lubumbashi, Kasumbalesa, Lusaka, Chirundu, Harare, Beitbridge. Mipango ya safari kama hiyo ni ya makaratasi kuliko ya kilomita. Kila mpaka una foleni yake, na foleni ya Kasumbalesa ina sifa ambayo dereva yeyote wa lori ataisimulia bila kuombwa. Ratiba ya makundi hutoa mechi tatu tu za uhakika. Anayepanga kurudi baada ya fainali anajipangia hasara. Afrika Kusini humdai anayetoka Kongo cheti cha chanjo ya homa ya manjano, karatasi ambayo Wakongo huiita kadi ya njano, kwa hiyo mshabiki huwa ameshaonyeshwa kadi kabla mchezaji hajaonyeshwa.

Pasipoti ndiyo iliyoumiza zaidi. Ile ya kielektroniki iliyoanza kutolewa 2015 iligharimu dola 185, miongoni mwa pasipoti ghali kuliko zote duniani. Bei ilishushwa baadaye. Viza ya Marekani huombwa Kinshasa, na kutoka Katanga kufika huko kwa haraka ni kwa ndege tu. Hivyo Novemba 2025, Kongo ilipoitoa Nigeria kwa penalti mjini Rabat na kukaribia Kombe la Dunia la 2026, mshabiki wa Likasi aliyetaka kwenda Amerika alikuwa na safari ya kwanza ndani ya nchi yake mwenyewe. Mwezi uliofuata, kwenye Kombe la Mataifa nchini Morocco, shabiki Michel Kuka Mboladinga alijulikana duniani kwa kusimama wima, mkono juu, mechi nzima, mfano wa sanamu ya Patrice Lumumba, aliyeuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961.

Kombe la Mataifa la 2027 lilipewa Kenya, Tanzania na Uganda kwa pamoja mnamo Septemba 2023. Malori ya Likasi yanaijua njia ya Dar es Salaam tangu zamani, kwa kuvuka Zambia hadi Nakonde na kuingia Tunduma, ambako Kiswahili cha Katanga kitachekwa kidogo lakini kitaeleweka.