Upasuaji wa saratani ya ngozi na ya titi

Upasuaji wa saratani ya ngozi na ya titi ni tiba ya kuondoa uvimbe pamoja na ukingo wa nyama nzima unaouzunguka. Kwa miongo mingi ule wa titi ulifuata njia ya William Halsted wa Baltimore: titi zima, misuli ya kifua na tezi za kwapani, vyote vikakatwa. Tafiti mbili, ya Bernard Fisher wa Marekani na ya Umberto Veronesi wa Milan, zilizofuatilia wagonjwa miaka 20 na kuchapishwa 2002, zilionyesha kuwa saratani ikigunduliwa mapema, kukata sehemu tu ya titi na kuongeza mionzi hakufupishi maisha.

Tezi za limfu zilipata ahueni yake kupitia saratani ya ngozi. Mwaka 1992 Donald Morton alieleza, kwa wagonjwa wa melanoma, aina ya saratani ya ngozi, jinsi rangi ya buluu inavyoonyesha tezi ya kwanza kupokea majimaji ya uvimbe. Ikiwa safi, nyingine huachwa.

Kwa mgonjwa wa Mlowo, wilayani Mbozi, Tanzania, suala gumu ni mionzi. Hospitali ya Rufaa ya Kanda iko Mbeya, lakini Taasisi ya Saratani Ocean Road, inayotoa mionzi, iko Dar es Salaam, safari ndefu ya barabara kuu ya Tunduma. Kuhifadhi titi bila mionzi ni hatari, hivyo kulikata lote mara nyingi ndiyo busara.

Kwa upande wa ngozi, melanoma ya Waafrika hutokea zaidi unyayoni. Watu wenye ualbino hupata saratani nyingine za ngozi, hasa usoni, masikioni na shingoni.