Namna Microsoft inavuta wateja kwenye wingu lake
Wingu hapa si la mvua: ni ordinateri kubwa za kampuni ambazo watu wanakodi kwa intaneti na kuweka humo dosye zao. Amazon ilianza 2006. Microsoft ikaja na Azure mwaka 2010, ikiwa nyuma. Lakini biro nyingi zilikuwa tayari zinatumia Windows, na nguvu yake iko hapo. Leseni ya Windows Server iliyonunuliwa kuanzia Oktoba 2019 huwezi kuihamisha kwenye wingu la Amazon ao Google. Huko unalipa tena. Kwa Azure unaitumia na kupewa punguzo. Ndipo ugomvi ulianzia. Chama cha kampuni za wingu za Ulaya kilishtaki Brussels mwaka 2022, kikapatana na Microsoft Julai 2024. Miezi miwili baadaye, Google nayo ikashtaki.