Istilahi Ndani ya Riwaya: Neno "Mithli" na Maandishi ya Abdellah Taïa

Mfasiri hupata taabu kubwa pale ambapo lugha yake ina matusi mengi kwa jambo fulani, na jina halisi la jambo hilo halimo. Katika makala haya tunakusudia kulieleza tatizo hilo kwa mfano wa Abdellah Taïa, mwandishi wa Moroko aliyezaliwa mwaka 1973, akakulia Salé, na ambaye huandika kwa Kifaransa.

Baada ya riwaya yake L'Armée du salut kutoka mwaka 2006, Taïa alitamka hadharani kwamba huwapenda wanaume wenzake. Halikuwa jambo dogo, maana kifungu cha 489 cha Kanuni ya Adhabu ya Moroko, ya mwaka 1962, chaadhibu tendo hilo kwa kifungo cha miezi sita hadi miaka mitatu. Mwaka 2009 alichapisha barua ya wazi kwa mama yake, na mwaka 2010 riwaya yake Le jour du roi ikapata tuzo ya Prix de Flore.

Je, mtu huyo aitweje kwa Kiarabu? Mtaani huitwa "zamel", nalo ni tusi. Waandishi wengi walitumia "shadh", yaani aliyepotoka. Hukumu imo ndani ya neno lenyewe. Ndipo likashika "mithli", kutokana na "mithl", kitu kinachofanana na kingine. Limefuata muundo wa istilahi ya Ulaya iliyochapishwa kwanza kwa Kijerumani mwaka 1869, iliyounganisha neno la Kiyunani la "sawa" na la Kilatini la "jinsia". Katika miaka ya 2000 magazeti ya Moroko yalizidi kulitumia.

Mizizi hiyo si migeni kwetu: "mithili" na "jinsia" tunazo. Lakini wengi hukimbilia "shoga", neno ambalo mwanamke humwitia rafiki yake wa kike. Shahidi akisema mahakamani, "Huyu ni shoga yangu," mkalimani asiye makini aweza kugeuza urafiki kuwa shtaka.

Kwa hiyo twapendekeza mambo mawili. Katika hati za serikali, hospitali na mahakama, litumike fungu la maneno lisilohukumu, kama "mapenzi ya jinsia moja". Katika riwaya, tusi la mhusika libaki tusi. Bali pale mwandishi alipoandika jina tu, mfasiri asiongeze tusi lake. Sheria huamua adhabu, na msomaji huamua maoni yake. Kazi ya istilahi ni kutaja.