Kutoka Kadari hadi Kadirio: Historia ya Kukadiria Gharama za Zege la Makazi katika Nchi za Baridi Kali, Amerika Kaskazini, 1891–1963

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia namna majira ya baridi yalivyoingia katika makadirio ya gharama za zege la nyumba za kuishi, katika majimbo ya kaskazini ya Marekani na nchini Kanada. Hoja kuu ni kwamba baridi ilianza kama kadari, yaani jambo la kuvumiliwa, ikageuka kuwa kifungu chenye jina, kipimo na bei. Mageuzi hayo yalihitaji sayansi, lakini yalihitaji pia lugha: gharama isiyo na jina katika hati ya makadirio haikutoweka, bali ilihamia kwa mtu asiyekuwa na uwezo wa kuikataa. Makala yanahitimisha kwa kuonesha umuhimu wa historia hiyo kwa sera za makazi na istilahi za ujenzi katika kanda yetu.

1.0 Utangulizi

Maneno kadirio, kadiri na kadari yamekuja katika Kiswahili kutoka mzizi mmoja wa Kiarabu, wenye maana ya kupima na kuweza. Hata hivyo, matumizi yameyatenganisha. Kadari ni lile lililopimwa na Mwenyezi, ambalo binadamu hulipokea. Kadirio ni lile ambalo binadamu hulipima mwenyewe, kisha akawajibika kwalo. Baina ya mawili hayo kuna kukisia, ambako ni kutaja kiasi bila kuonesha njia ya kukifikia. Anayekisia haulizwi hesabu. Anayekadiria lazima aioneshe.

Tofauti hiyo ndiyo dira ya makala haya. Historia ya zege katika nchi za baridi imeandikwa zaidi na wahandisi, nao huieleza kama historia ya saruji na nguvu zake. Mtafiti wa lugha huona pia historia ya hati: ni mambo gani yalipewa mstari wake katika orodha ya vipimo na bei, na yapi yaliachwa bila kutajwa.

2.0 Hesabu kabla ya sayansi ya jalidi, 1891–1912

Hataza ya saruji ya Portland ilitolewa kwa Joseph Aspdin wa Leeds, Uingereza, mwaka 1824. Nchini Marekani, David Saylor wa Coplay, Pennsylvania, alipata hataza ya saruji ya aina hiyo mwaka 1871. Mwaka 1891, George Bartholomew alijenga kipande cha barabara ya zege mjini Bellefontaine, Ohio, ambako baridi huwa kali. Viongozi wa mji walimtaka aweke dhamana ya dola 5,000 kwamba kazi yake ingedumu miaka 5. Dhamana hiyo ina maana kubwa. Hakuna aliyejua zege lingefanya nini baada ya kuganda na kuyeyuka mara nyingi, kwa hiyo kutojua huko kuliwekewa bei, na bei hiyo akabebeshwa mjenzi.

Muongo wa kwanza wa karne ya 20 ulileta vitabu vya gharama. Halbert Gillette alichapisha mwongozo wa takwimu za gharama mwaka 1905, na mwaka 1908 yeye na Charles Hill wakatoa kitabu kinachohusu zege peke yake. Ndani yake mna sura nzima kuhusu kumwaga zege wakati wa kuganda. Njia zilizoelezwa ni tatu: kutia chumvi katika maji ili yasigande upesi, kupasha moto maji, mchanga na kokoto, na kufunika au kuizungushia kazi kibanda. Mwaka 1912 Frederick Taylor, aliyejulikana kwa kupima kazi za viwandani kwa saa ya mkononi, alishirikiana na Sanford Thompson kuchapisha kitabu cha gharama za zege. Humo kazi iligawanywa vipande vidogo vidogo, kama kujaza toroli, kulisukuma, kumwaga na kushindilia, na kila kipande kikapewa muda wake. Hapo ndipo kukisia kulipoanza kuachia nafasi kukadiria.

Hata hivyo, vitabu hivyo viliegemea zaidi kazi kubwa za madaraja, mabwawa na viwanda. Pale hesabu ilipoelekezwa kwenye nyumba ya mtu wa kawaida, mambo mengi yaliachwa nje. Mfano maarufu ni wa Thomas Edison, aliyeomba hataza mwaka 1908 ya kumimina nyumba nzima katika kalibu za chuma, akitaja bei ya takriban dola 1,200 kwa nyumba.  Kalibu zenyewe zilikuwa ghali mno kwa mjenzi mdogo, na nyumba chache tu ndizo zilizosimama. Somo lake ni rahisi: kadirio linaweza kuwa sahihi katika kila mstari ulioandikwa, likapotosha kwa ule usioandikwa.

3.0 Jalidi yapata maelezo

Baridi huliathiri zege kwa namna tatu, na kila moja ilieleweka kwa wakati wake.

Kwanza ni zege bichi. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na zege lisilokomaa hupasuka kutoka ndani. Kazi ya Duff Abrams, aliyoichapisha Chicago mwaka 1918, ilionesha kwamba nguvu ya zege hutegemea uwiano wa maji na saruji. Maji ya ziada, ambayo fundi huyatia ili kurahisisha kazi, yakaonekana kuwa gharama iliyofichika. Baadaye miongozo ya Taasisi ya Zege ya Marekani iliweka kizingiti cha megapaskali 3.5 kama nguvu ambayo zege linapaswa kuifikia kabla ya kuganda mara ya kwanza.

Pili ni ardhi. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba udongo huinuka kwa sababu tu maji yaliyomo hutanuka. Stephen Taber, katika maandiko yake ya 1929 na 1930, alithibitisha kwamba barafu huvuta maji kutoka chini na kujijenga kwa matabaka, ndiyo maana nyumba huweza kuinuliwa zaidi ya hesabu ya kutanuka peke yake. Kuanzia hapo, aina ya udongo na njia ya maji vikawa maswali ya mkadiriaji, si ya mchimbaji pekee.

Tatu ni zege lililokomaa. Mwishoni mwa miaka ya 1930, katika jimbo la New York, ilibainika kwamba baadhi ya barabara hazikubanduka uso kama nyingine. Saruji yake ilikuwa imesagwa pamoja na mafuta ya wanyama, yaliyoacha viputo vidogo vya hewa ndani ya zege. Katika miaka ya 1940 T. C. Powers alieleza namna viputo hivyo vinavyoyapa nafasi maji yanayosukumwa na barafu. Hivyo hewa, kitu kisichonunuliwa kwa mfuko wala kwa ndoo, ikaingia katika masharti ya zege la nje ya nyumba: ngazi, njia za magari na vibaraza.

4.0 Kifungu cha baridi katika nyumba moja

Ili kuona uzito wa mabadiliko hayo, tuchukue nyumba yenye urefu wa mita 12 na upana wa mita 9, ambayo mzunguko wake ni mita 42. Kanuni za ujenzi za Minnesota hutaka msingi ushuke inchi 42, sawa na mita 1.07, katika kanda ya kusini ya jimbo, na inchi 60, sawa na mita 1.52, katika kanda ya kaskazini. Ukuta wa msingi wenye unene wa mita 0.2, bila kupunguza pembe, utahitaji takriban mita za ujazo 9.0 kusini na 12.8 kaskazini. Nyumba ni ile ile, vyumba ni vile vile. Tofauti ya mita za ujazo 3.8, ambayo ni zaidi ya asilimia 40, imeletwa na jalidi pekee. Bado hatujahesabu uchimbaji, kalibu na kurudishia udongo.

Ikiwa kazi itafanyika wakati wa baridi, huongezeka maji ya moto kiwandani, mablanketi ya kufunikia, mafuta ya kupashia joto, na siku za kusubiri kabla ya kufungua kalibu. Kuna pia gharama za kukosea. Kloridi ya kalsiamu huharakisha kukomaa kwa zege, lakini hutafuna nondo. Tanuri lisilo na bomba la kutolea moshi ndani ya kibanda hutoa kaboni dioksidi inayoudhoofisha uso wa zege bichi, ukabaki ukitoa vumbi.

Wapo walioamua kuipunguza gharama badala ya kuihesabu tu. Nyumba ya Herbert na Katherine Jacobs mjini Madison, Wisconsin, iliyosanifiwa na Frank Lloyd Wright na kukamilika mwaka 1937, haikuchimbiwa msingi wa kina. Jamvi lake la zege lililazwa juu ya tabaka lenye mabomba ya joto. Gharama yake ilikuwa dola 5,500, ikijumuisha ada ya msanifu ya dola 450. Wazo la kuilinda ardhi isigande, badala ya kuifukuza jalidi hadi kina chake, baadaye lilienea katika nchi za Skandinavia kwa kutumia tabaka za vihami joto kando ya msingi.

5.0 Nani alipe?

Mara baridi ilipopata bei, swali lilihama kutoka kwa fundi hadi kwa serikali. Mjenzi aliyesimamisha kazi kuanzia mwezi wa 12 hadi wa 3 aliokoa gharama ya mafuta na mablanketi. Hata hivyo, kibarua alikaa miezi hiyo bila ujira. Gharama ilikuwepo, haikuwa katika hati ya mjenzi, ilikuwa jikoni kwa kibarua.

Mwaka 1924, kamati iliyoundwa chini ya Herbert Hoover, wakati huo Waziri wa Biashara wa Marekani, ilitoa taarifa kuhusu ujenzi wa msimu. Hitimisho lake lilikuwa kwamba mazoea, zaidi ya hali ya hewa, ndiyo yaliyosimamisha kazi. Kanada ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 1958 serikali ya shirikisho ilianza kuchangia kazi za majira ya baridi za serikali za mitaa, na mwaka 1963 ikaanzisha malipo ya dola 500 kwa nyumba iliyojengwa katika miezi hiyo. Hatua hiyo iliwezekana kwa sababu nyongeza ya baridi ilikuwa tayari imetenganishwa na gharama nyingine. Serikali haiwezi kuchangia kitu ambacho hakuna aliyekipa jina.

6.0 Hitimisho

Kanda yetu haina jalidi ya kuinua nyumba, isipokuwa sakitu ya milimani. Hata hivyo, tuna masika yanayokata njia za malori na kulowesha mchanga hadi uwiano wa maji upotee, na tuna udongo mweusi wa mbugani unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Katika makadirio mengi ya nyumba ndogo, mambo hayo bado yanahesabiwa kuwa kadari. Fundi hutaja idadi ya mifuko ya saruji, mwenye nyumba hukubali, na mvua ikija mwenye nyumba huuza mbuzi.

Kiswahili hakijashindwa kuyataja. Tanzania ina bodi ya kitaifa inayowaita wataalamu wa fani hii wakadiriaji majenzi, na mafundi wanayo maneno jamvi, nondo, kokoto na zege bila kuyaazima darasani. Kinachokosekana ni hati: orodha ya vipimo na bei iliyoandikwa kwa lugha ambayo mwenye nyumba anaisoma kabla ya kutia saini. Makala haya yanapendekeza kwamba mamlaka za makazi na vyombo vya Kiswahili vishirikiane kuandaa kiolezo cha makadirio ya nyumba ndogo, chenye mistari ya lazima kwa ajili ya msimu, udongo, maji na upotevu. Historia ya Amerika Kaskazini inaonesha kwamba mistari ya namna hiyo haikuondoa baridi. Iliwawezesha watu kujadiliana ni nani atakayeilipia.