Pale P Isipokuwa P

Chini ya Chevrolet Chevelle ya mwaka 1966, fundi amelala chali juu ya kadibodi, tochi ameibana mdomoni. Giaboksi ya zamani, Powerglide ya gia mbili, imeshashushwa na iko pembeni ikidondosha oili nyekundu. Mahali pake imepanda Turbo-Hydramatic 350 ya gia tatu. Kazi nzito imekwisha: bolti zimekazwa, propela shafti imerudi, oili imejazwa. Imebaki rodi moja nyembamba inayotoka chini ya steringi kwenda ubavuni mwa giaboksi. Mwenzake aliyekaa kwenye kiti cha dereva anapeleka mkono wa gia hadi P, herufi ya kuegesha. Fundi anashika mkono mdogo wa giaboksi, anautikisa, anahesabu vituo kwa vidole. Juu ni P. Chini bado ni R, yaani rivasi.

Tofauti hiyo ya sentimita moja hivi ni ya zamani kuliko gari lenyewe.

Gia ya usukani ilianza kuenea Marekani mwaka 1938, Cadillac na Pontiac zilipouondoa mkono wa gia sakafuni na kuupandisha chini ya usukani. Sababu ilikuwa nafasi. Magari ya wakati ule yalikuwa na kiti kimoja kirefu mbele, na mkono uliochomoza katikati ya sakafu ulimnyima abiria wa tatu mahali pa kuweka miguu. Miaka miwili tu baadaye karibu kila kampuni kubwa ya Marekani ilikuwa imefuata. Afrika Mashariki iliijua gia hiyo zaidi kupitia Peugeot 404, iliyotoka kiwandani Ufaransa na gia nne zikiwa kwenye steringi. Ndilo gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1963, kisha likaichukua mara tatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968. Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Tanzania, alishinda mara mbili katika hizo.

Lakini kupandisha mkono juu kulikuwa na gharama yake. Mkono wa sakafuni ulisimama karibu juu ya giaboksi yenyewe, kwa hiyo dereva alishika chuma kilichogusa gia. Mkono wa usukani uko mbali. Dereva akiuvuta, anazungusha bomba lililouzunguka mhimili wa steringi. Chini ya bomba hilo kuna mkono mfupi, mkono unavuta rodi, na katika magari mengi rodi inasukuma kiungo kingine kilichoegemea chasisi, ndicho kinachosukuma rodi ya pili hadi kwenye giaboksi. Kila mahali vipande viwili vinapokutana pana bushi, na bushi ikilika, safari ya mkono wa dereva inapungua kidogo kabla ya kufika. Kwenye gia za kawaida dereva huhisi kasoro hiyo kiganjani na kuifidia. Kwenye otomatiki hahisi kitu. Anasoma herufi tu, na anaiamini.

Otomatiki ya kwanza kuuzwa kwa wingi ilikuwa Hydra-Matic ya General Motors. Ubunifu wake uliongozwa na Earl Thompson, mhandisi yuleyule aliyeleta gia laini zisizopiga kelele kwenye Cadillac miaka ya 1920. Ilitokea kwenye Oldsmobile za mwaka 1940, na mnunuzi aliyeitaka aliongeza dola 57. Vita vilipokuja, kifaru chepesi cha M5 Stuart kilipewa injini mbili za Cadillac na Hydra-Matic mbili, na askari waliojifunza kuendesha humo walirudi nyumbani wakijua kwamba klachi si lazima.

Hydra-Matic haikuwa na P. Dereva wa Oldsmobile aliyetaka kuegesha alizima injini na kuweka mkono kwenye R, na humo giaboksi ikajifunga. Mpangilio wa herufi ulianza na N ya kutokuwa kwenye gia, ukaja D ya kwenda mbele, kisha L ya gia ya chini, na R mwishoni kabisa. Powerglide ya Chevrolet ilipotoka mwaka 1950 ilikuwa na P, lakini R ikabaki mwishoni: P, N, D, L, R. Kwa waliokaa kwenye theluji na matope mpangilio huo ulikuwa na faida ya kweli. Gari likikwama, dereva alilitikisa mbele na nyuma kwa kurusha mkono kati ya L na R zilizo jirani, bila kupita N. Hatari yake nayo ilikuwa wazi. Dereva anayeshuka mlima na kutaka L, mkono ukimteleza kidogo, anaingia rivasi gari likiwa kasi. Ford ilipoleta Ford-O-Matic mwaka 1951 iliweka P, R, N, D, L, na hivyo N ikasimama kama ukuta kati ya kwenda mbele na kurudi nyuma. Kwa zaidi ya muongo mmoja mipangilio hiyo miwili iliishi pamoja katika barabara zilezile. Aliyeazima gari la jirani ilimbidi asome kwanza.

Kisha kiwanda chenyewe kikajikuta katika hali ya fundi wetu. Tarehe 12 Agosti 1953, kiwanda cha Hydra-Matic kilichoko Livonia, Michigan, kiliungua baada ya cheche za mwali wa kuchomea chuma kuangukia mafuta. Jengo lote liliteketea, na pamoja nalo giaboksi za Cadillac, Oldsmobile na Pontiac, na hata za kampuni nyingine zilizokuwa zikinunua kutoka GM. Magari yalikuwa kwenye mstari wa uundaji na hayakuwa na cha kufungiwa. Cadillac na Oldsmobile wakachukua Dynaflow ya Buick, Pontiac wakachukua Powerglide ya Chevrolet, na GM ikahamishia kazi ya Hydra-Matic Willow Run, kiwanda kikubwa ambako Ford walikuwa wameunda ndege za B-24 wakati wa vita. Maelfu ya magari ya mwaka ule yalitoka na giaboksi ambayo hayakuchorewa. Dynaflow ilikuwa na P na Hydra-Matic haikuwa nayo, kwa hiyo herufi za giaboksi moja zisingeweza kutumikia nyingine. Giaboksi ilipobadilika, njia nzima kutoka kiganjani hadi kwenye valvu ya ndani ya giaboksi ilipaswa kubadilika nayo. Wahandisi wa Detroit walikuwa na michoro, vipimo na mashine za kutengeneza rodi mpya. Fundi aliye chini ya Chevelle ana tepu ya kupimia na subira.

Wengine walijaribu kuikimbia rodi kabisa. Chrysler, kuanzia magari ya mwaka 1956 hadi 1964, waliweka vitufe kwenye dashibodi vilivyovuta kebo. Edsel ya 1958 ilikuwa na vitufe katikati ya usukani wenyewe, vikiamrisha mota ya umeme iliyofungwa chini ya gari, mahali penye maji na vumbi, na sifa mbaya ya mfumo huo haikukawia. Wote wawili walirudi kwenye mkono.

Mwaka 1965 Ralph Nader alichapisha kitabu chake, Unsafe at Any Speed, na miongoni mwa aliyoyalaumu ni huku kutopatana kwa herufi. Kuanzia tarehe 1 Januari 1968 sheria ya usalama ya Marekani namba 102 ililazimisha N ikae kati ya R na gia za mbele, P ikiwepo ikae mwishoni jirani na R, na starta isifanye kazi mkono ukiwa kwenye gia.

Sheria ilipanga herufi. Haikuweza kupanga umbali kati yao, na hapo ndipo Chevelle yetu inapokwama. Powerglide ina vituo vitano. Turbo-Hydramatic 350, iliyoingia mwaka 1969, ina sita. Turbo-Hydramatic 700-R4 ya mwaka 1982, yenye gia nne na inayopendwa na wenye magari ya zamani kwa sababu inapunguza mzunguko wa injini barabara kuu, ina saba. Steringi ya 1966 ilichorewa vituo vitano tu. Ndani yake kuna bamba dogo lenye ngazi, na mkono wa gia hukaa kwenye ngazi hizo. Likiachwa lilivyo, linauzuia mkono kabla giaboksi haijafika gia yake ya chini kabisa, au linaukalisha kwenye ngazi ambayo huku chini si kituo.

Dawa yake inaanzia kwenye hesabu. Tuseme mkono wa gia ukitoka P hadi mwisho unavuta rodi sentimita 6, na mkono wa giaboksi wenye urefu wa sentimita 10 unahitaji kuvutwa sentimita 7 ili upite vituo vyake vyote. Mkono wa giaboksi ukifupishwa hadi sentimita 8 na nusu hivi, sentimita 6 zinatosha. Mkono mfupi huzunguka zaidi kwa mvuto uleule. Ndiyo maana mafundi wenye uzoefu hawaanzi kwa kukunja rodi. Wanatafuta kwanza mkono wa giaboksi wenye urefu unaofaa, ama wanatoboa tundu jipya karibu zaidi na mhimili. Pia wanaangalia pembe: mkono ukiwa katikati ya safari yake, rodi inapaswa kukutana nao karibu nyuzi 90, la sivyo vituo vya upande mmoja vitabanana na vya upande mwingine vitatawanyika.

Kisha linakuja bamba la ngazi, ambalo hubadilishwa au kuchongwa kwa tupa, na kibao cha herufi, kwa sababu gari lenye gia ya 2 na ya 1 haliwezi kuendelea kuonyesha L peke yake. Steringi za GM kuanzia mwaka 1967 zinataka upole zaidi. Zilibuniwa zijikunje kwenye ajali, na ndani yake zimeshikwa na pini za plastiki zinazokatika. Fundi anayepiga nyundo kwenye ncha ya steringi ya namna hiyo anaweza kuzikata bila kujua, na mlegeo atakaouona baadaye hautaondoka kwa rodi yoyote.

Kwenye Chevelle, magurudumu ya mbele yamewekewa kabari na ya nyuma yananing'inia juu ya stendi. Fundi anaifungua rodi. Anasukuma mkono wa giaboksi hadi mwisho, halafu anaishika propela shafti kwa mikono miwili na kuizungusha hadi isikike ndoano ya chuma ikiangukia kwenye meno yake: sasa ni P kweli. Juu, mwenzake anauweka mkono wa gia kwenye P na kuuacha. Fundi anazungusha kipande cha kurekebishia kwenye rodi, nusu mzunguko kwa nusu mzunguko, mpaka pini iingie tunduni yenyewe, bila kusukumwa. Ikihitaji kusukumwa, urefu bado si sahihi.

Uangalifu huo si woga wa bure. Valvu ya ndani ikisimama kati ya vituo viwili, oili inapita nusu, shinikizo linashuka, klachi za ndani zinateleza na kuungua, na mwenye gari analaumu giaboksi iliyokuwa nzima. Upande wa P mambo ni mabaya zaidi. Mwaka 1980 serikali ya Marekani na Ford walimaliza uchunguzi mrefu kuhusu magari ya mwaka 1966 hadi 1980 yaliyolalamikiwa kwamba, yakiachwa P injini ikiwa hai, yaliruka yenyewe hadi R. Mkono ulikuwa ukisimama kati ya P na R, mahali ambapo dereva alidhani ameshaegesha. Badala ya kuyarudisha magari, ilikubaliwa Ford itume stika za kuonya kwa wenye magari yapatayo milioni 23. Kitu kilichokosewa kilikuwa kidogo sana, na watu walikuwa wakishuka garini kwenda kufungua geti.

Mafundi wa Gerezani, Dar es Salaam, au wa Kirinyaga Road, Nairobi, hawakutani na Powerglide. Wanakutana na Toyota Noah na Ipsum za miaka ya 1990 zenye otomatiki ya usukani, na wanazifunga giaboksi za mitumba kutoka Japani ambazo hazikuzaliwa na gari lile. Mteja anayerudi siku ya pili na kusema gari haliwaki likiwa P ila likiwekwa N ndipo linawaka, ana tatizo lilelile la Chevelle: swichi inayoruhusu starta haioni P, kwa sababu P ya juu na ya chini hazijakutana.

Pini imeingia. Fundi anaomba mkono upitishwe vituo vyote, kwenda na kurudi, na kila mara anagusa giaboksi asikie mlio kabla mwenzake hajataja herufi. P. R. N. D. 2. 1. Wanarudia kutoka 1 kwenda juu, kwa sababu bushi iliyochoka huonyesha uongo wake upande mmoja tu. Kwenye R mlio unachelewa kidogo. Anaichomoa pini, anazungusha nusu tena, anairudisha, wanaanza upya. Safari hii sauti na herufi zinakwenda pamoja. Anachukua kota pini mpya mfukoni, anaipitisha tunduni na kukunja miguu yake kwa koleo.