Kutoka Maji ya Naivasha hadi Dreamliner

Miaka ya 1930, msafiri wa kutoka Ulaya aliweza kuteremkia Ziwa Naivasha. Kuanzia mwaka 1937 shirika la Imperial Airways, na baadaye mrithi wake BOAC, lilishusha ziwani hapo ndege za njia ya Southampton hadi Afrika Kusini. Viwanja vya lami vilikuwa adimu njiani, lakini maji yalikuwepo, kuanzia Mto Naili hadi maziwa yetu.

Ndege hizo za Short Empire zilikuwa na tumbo la boti, injini 4 na nafasi ya abiria 24 hivi. Ndani mlikuwa na sebule ambamo abiria alisimama, akaegemeza viwiko kwenye ukingo na kuitazama nchi ikipita chini yake. Raha hiyo abiria wa kawaida wa leo haijui. Ila hewa ya ndani ilikuwa ileile ya nje, kwa hiyo rubani hakuthubutu kupaa juu sana, na dhoruba ilimbidi aikabili. Kwa mwendo wa kilomita 265 hivi kwa saa, safari ilikula siku kadhaa, na usiku watu walilala hotelini.

Mwaka 1950 BOAC iliachana na ndege za majini. Miaka miwili baadaye ikaanzisha safari za kwanza duniani za abiria kwa ndege ya jeti, Comet, kutoka London hadi Johannesburg kupitia Entebbe. Comet ilijazwa hewa ndani ili ipae juu ya mawingu. Mwili wake wa alumini ulivimba na kunywea kila safari, na mwaka 1954 ndege mbili zikapasukia angani. Uchunguzi ulibaini kuwa metali hiyo ilichoka, nyufa zikaanzia penye pembe za matundu ya mwili. Tangu hapo madirisha ya ndege nyingi yamekuwa madogo, yenye pembe za mviringo.

Nyanda zetu za juu nazo zilikuwa na mtihani wao. Uwanja wa Embakasi jijini Nairobi, uliofunguliwa mwaka 1958, uko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Hewa huko ni nyepesi: bawa hupata nguvu kidogo ya kuinua, injini nayo hupungukiwa pumzi. Waingereza walibuni VC10 kwa ajili ya viwanja vya joto na mwinuko kama huo. Injini zote 4 ziliwekwa mkiani, bawa likabaki huru kufanya kazi yake. East African Airways ilizipokea Super VC10 kuanzia 1966.

Dreamliner, yaani Boeing 787 ambayo Kenya Airways ilianza kuipokea mwaka 2014, imejibu mengi ya maswali hayo kwa pamoja. Karibu nusu ya uzito wake ni nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa resini. Nyuzi hizo hazichoki kama alumini, wala haziliwi na kutu, ndiyo maana dirisha limerudi kuwa kubwa, lenye urefu wa sentimita 47 hivi, na hutiwa giza kwa kubonyeza kitufe. Ndege nyingi za zamani humweka abiria katika hewa ya mwinuko wa mita 2,400, karibu kama Molo. Dreamliner humweka kwenye mita 1,800 hivi, mwinuko unaokaribiana na wa jiji la Nakuru. Anayetoka Nakuru kwenda ng'ambo anavuta hewa ya kwao hadi atue.

Tarehe 28 Oktoba 2018 ndege hiyo ilianza safari ya moja kwa moja ya Nairobi hadi New York, saa 15 hivi bila kutua. Iliondoka karibu na saa sita usiku, na ubaridi wa saa hizo huisaidia ndege nzito kunyanyuka kutoka nyanda za juu.

Makumbusho ya Hyrax Hill, hapa Nakuru, yanatunza habari za watu wa kale wa Bonde la Ufa. Sura hii ya usafiri wa anga nayo ni ya Bonde. Familia za kando ya Ziwa Naivasha zenye picha au masimulizi ya ndege za majini ziyapeleke makumbusho mapema, kabla wazee walioziona hawajatutoka.